Ute wa Mshubiri na Ngozi Iliyoungua kwa Baridi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi la Voi na mwenzetu wa kazi ya njia ya reli. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Katibu alipotangaza kwamba leo nitazungumza juu ya watu wanaoungua kwa baridi, baadhi yenu mlicheka, wala sikushangaa. Voi na baridi, wapi na wapi? Hapa mtu hutafuta kivuli tangu saa tatu asubuhi, na chuma cha reli mchana hakishikiki kwa mkono mtupu. Huko juu Wundanyi watu huvaa makoti mwezi wa saba, ni kweli, lakini hata Vuria, kilima kirefu kuliko vyote vya Taita, kina mita 2,208 tu, na maji ya mtungini hayageuki kuwa jiwe.

Hata hivyo baridi yenye kuua nyama ya mtu iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Iko ukutani mwa stesheni, katika ule mtungi wa kuzimia moto wenye pembe nyeusi. Gesi iliyomo ni ile ya kaboni, nayo ikitoka kwa nguvu hugeuka kama theluji, na theluji hiyo ina baridi ya digrii 78 chini ya sifuri. Iko tena jikoni, katika mitungi ya gesi ya kupikia. Gesi ile imo ndani kama maji kwa sababu imebanwa. Ikipata tundu huchemka na kuruka, na iliyo kali zaidi huchemka penye digrii 42 chini ya sifuri. Ikikurukia mkononi hukuunguza, ingawa hakuna moto. Kisha iko katika makontena ya baridi, na katika vyumba vya kuhifadhia samaki na nyama kule Mombasa, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi ya kupakia.

Tena tusisahau mlima. Ukisafiri toka hapa kwenda Taveta, kiasi cha kilomita 110, asubuhi isiyo na mawingu waona Kilimanjaro mbele yako tangu upande wa Maktau. Watu wa Taveta wana ndugu na wakwe ng'ambo ya mpaka, Holili, Himo na Moshi, na vijana wengi wa huko hula mkate wao kwa kubeba mizigo ya wageni kwenda juu. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Usiku wa kupanda kilele, maji katika chupa huganda, na mpagazi mwenye viatu vya kuazima vilivyotoboka ndiye anayepata hasara kwanza.

Habari hii si mpya. Mmishenari Johannes Rebmann aliondoka Rabai, akapita katika nchi hii yetu ya Taita, na tarehe 11 Mei 1848 akauona mlima una weupe juu. Alipomwuliza kiongozi wake ule weupe ni nini, yule mtu alimjibu kwa neno moja tu, kwamba ni baridi. Wasomi wa Ulaya walibishana miaka mingi kama theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, na kumbe yule kiongozi wa njia alikuwa amekwisha kuwapa jibu. Rebmann alisimuliwa pia kwamba zamani mfalme mmoja wa Machame alituma watu kwenda kutazama kitu kile cheupe, akitumaini ni fedha. Aliyerudi akaeleza yaliyowapata wenzake ni mmoja, naye mikono na miguu yake ilikuwa imekunjamana na kuharibika. Watu walisema ni mashetani ya mlimani. Leo tunajua ni baridi iliyogandisha nyama.

Sasa nieleze inavyokuwa, maana mtu asiyejua ugonjwa hauwezi kuutibu, hata akiwa na dawa mkononi.

Mwili ukipata baridi kali, mishipa midogo ya damu hujikaza ili joto libaki kifuani na tumboni. Damu huviacha vidole vya mikono na miguu, masikio na pua. Baridi ikizidi, maji yaliyomo ndani ya nyama huganda yakawa chembe za barafu. Hilo ni dhara la kwanza. Dhara la pili huja wakati barafu inapoyeyuka. Mishipa iliyojeruhiwa huvuja, malengelenge hutoka, na damu huanza kuganda katika vile vijia vyembamba. Matabibu walichukua maji ya malengelenge hayo wakayapima, wakakuta yana kemikali mbili, prostaglandini na thromboksani. Hii thromboksani kazi yake ni kukaza mishipa na kugandisha damu. Kwa hiyo kidole kilichotoka katika barafu kikiwa bado hai chaweza kufa siku zifuatazo kwa kukosa damu, mgonjwa akiwa kitandani ndani ya blanketi.

Hapo ndipo ulipo mlango wa mshubiri. Ndani ya jani la mmea huu mna ute mweupe unaopitisha nuru kama kioo, na ute huo hupingana na thromboksani. Miaka ya 1980 matabibu wa Marekani walianza kuwatibu watu walioungua kwa baridi kwa kupasha joto viungo katika maji, kupaka ute wa mshubiri juu ya ngozi, na kuwapa dawa za kumeza za namna ya aspirini na ibuprofeni. Mwaka 1987 walichapisha hesabu yao. Katika wagonjwa 56 waliotibiwa kwa njia hiyo, waliokatwa kiungo walikuwa kiasi cha 7 kwa kila 100. Katika wengine 98 waliotibiwa kwa njia nyingine, waliokatwa walikuwa kiasi cha 33 kwa kila 100.

Nataka tusikilize hesabu hiyo kwa makini, maana wachuuzi wa dawa sokoni wataisikia kwa namna yao. Watu wale hawakupakwa mshubiri peke yake. Walipata maji ya vuguvugu, walipata vidonge, walilazwa na kuangaliwa. Huwezi kuuchukua ute ukasema kwamba huu ndio uliookoa vidole. Hata leo maelekezo ya madaktari wa milimani yanasema upakwe kabla ya kufunga bendeji, kwa kuwa wafaa na hauna madhara makubwa, lakini wao huuhesabu kuwa msaidizi. Kazi kubwa ni ya maji. Ndilo jambo nililokuja kulisema hasa: jeli haiponyi kidole kilichokwisha kuharibiwa kwa kusuguliwa au kwa kuotwa moto.

Mahali fulani nilipofanya kazi kabla ya kuletwa huku, kijana mmoja aliambiwa ajaribu mtungi wa kuzimia moto. Hakuonyeshwa namna ya kuushika. Akaishika ile pembe kwa mkono wa kushoto, akafyatua, akaendelea kushika kwa sababu moto wa takataka ulikuwa haujazimika. Alipoachia, vidole vyake vilikuwa vya rangi ya majivu, vigumu kama nta, na yeye akicheka, maana hakusikia maumivu yo yote. Wenzake, kwa wema wote, wakamsugua mkono kwa nguvu. Kisha wakaleta jiko la makaa wakamwambia aote. Mkono usiosikia baridi hausikii moto pia. Nilifika jioni nikakuta ngozi imepikwa juu ya nyama iliyokuwa imeganda. Katika sanduku la huduma ya kwanza mlikuwa na shashi moja na mkasi wenye kutu. Siku ya tatu mtu akamletea jeli ya kijani ya dukani, yenye harufu ya kupendeza, wakapaka asubuhi na jioni. Alipoteza ncha za vidole viwili. Jeli ile haikumdhuru, lakini ilikuja kupaka rangi nyumba iliyokwisha kuanguka.

Kumsugua mtu ni desturi ya zamani sana, tena ilifundishwa na wakubwa. Daktari wa jeshi la Napoleon, Larrey, aliona askari wakirudi kutoka Urusi mwaka 1812 wakiota moto usiku na kuganda tena mchana, wakipata donda ndugu. Akaamuru wasugue viungo kwa theluji wasikaribie moto. Juu ya moto alisema kweli. Juu ya kusugua, chembe za barafu zilizomo ndani ya nyama zinakata kama vigae vya chupa, nawe ukisugua unazisaidia. Lakini neno lake lilishikwa kwa zaidi ya miaka mia. Ni katika miaka ya 1950 na 1960 ndipo Dokta William Mills, kule Alaska, alipoonyesha kwa wagonjwa wake kwamba kupasha joto upesi katika maji ya vuguvugu ndiko kunakookoa nyama. Watu wengi bado hawajaisikia habari hiyo, na sisi Voi tusiwe wa mwisho.

Basi ikitokea kazini, fanyeni hivi. Kwanza mwondoeni mtu penye baridi au penye gesi inayovuja. Kama ni gesi ya kupikia, asiwepo mtu mwenye sigara wala jiko linalowaka karibu, maana gesi ile ile iliyomwunguza kwa baridi yaweza kuwaunguza wote kwa moto. Mvueni pete na saa mapema, kwa sababu mkono utavimba. Glovu au nguo ikiwa imeshikana na ngozi, msiivute. Ingizeni vyote katika maji.

Maji yawe ya digrii 37 hadi 39, yaani joto la mwili wa mtu au zaidi kidogo. Mtasema, kipimajoto tutakitoa wapi? Mama anayemwogesha mtoto mchanga hana kipimajoto. Hutia kiwiko chake ndani ya beseni. Kiwiko kikiona raha, maji yafaa. Kiwiko cha mtu mzima mwenye afya, lakini, si mkono wa mgonjwa, maana mkono wake umekufa ganzi, hautambui. Maji yakipoa mtoeni mkono kwanza, ongezeni ya moto, pimeni tena, kisha mrudisheni. Chupa mbili za chai zenye maji ya moto na ndoo ya maji ya bomba zatosha kabisa. Endeleeni kiasi cha nusu saa, mpaka ngozi iwe laini na rangi irudi. Atalia. Maumivu ya kuyeyuka ni makali kupita ya kuganda, naye atawaomba mmtoe. Msimtoe. Kulia kwake ni dalili kwamba damu inarudi, nayo ni habari njema ingawa haionekani hivyo saa ile.

Kisha mwacheni akauke kwa hewa, bila kufuta kwa taulo. Wekeni vipande vya shashi safi katikati ya vidole visigusane. Sasa ndipo pakeni ute wa mshubiri au jeli yake, kwa wepesi, bila kuchua, halafu bendeji iliyolegea. Jeli hurudiwa kila saa sita bendeji inapobadilishwa. Mkono uinuliwe juu ya kifua. Kama ni mguu, asiukanyage. Asivute sigara, kwa kuwa tumbaku hukaza mishipa ile ile tunayotaka ifunguke. Malengelenge msiyapasue, yenye maji meupe daktari aweza kuyatoa maji, yenye damu huachwa. Kidonge cha ibuprofeni hufaa, ila mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asikimeze bila ushauri wa daktari.

Halafu hospitali, siku hiyo hiyo, iwe ni hapa Voi au Taveta. Msingojee kuona kama jeli itafanya kazi. Atahitaji sindano ya pepopunda kama hana, na kuna dawa za nguvu ambazo zina saa zake. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 24. Nyingine, iloprosti, ambayo hupanua mishipa, ilikubaliwa na serikali ya Marekani mwezi wa Februari 2024 kuwa dawa ya kwanza iliyoidhinishwa huko kwa kuungua vibaya kwa baridi, nayo hutakiwa ianze ndani ya saa 72. Mtu akikaa nyumbani wiki nzima akijipaka, mlango umefungwa. Kwa upande mwingine, kidole kikiwa cheusi msikubali haraka kukatwa siku ya pili kama hakuna usaha. Madaktari wazoefu hungoja wiki nyingi, hata miezi, mpaka mpaka wa nyama hai na nyama iliyokufa uonekane wazi. Wengi waliodhani wamepoteza kidole kizima wamepoteza ngozi na ukucha tu.

Kuna neno moja kwa wale walio mlimani. Kama mguu umeganda na bado una safari ya kushuka kwa miguu penye baridi, na hakuna njia ya kuuzuia usigande tena, ni heri ushuke na mguu ulioganda mpaka ufike mahali pa kupumzika. Mguu ulioyeyushwa ukaganda mara ya pili huharibika vibaya mno.

Tena sisi watu weusi tuna hatari ya kipekee mbili, nazo vitabu vya huduma ya kwanza vya kizungu havizitaji sana. Ya kwanza, madaktari wa majeshi ya Marekani na Uingereza wamehesabu tangu vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953, wakaona kwamba askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi mara kadhaa kuliko wenzao waliovaa viatu vile vile na kulala katika mahandaki yale yale. Ya pili, kitabu husema tazama ngozi kama imekuwa nyeupe. Kwetu ngozi haiwi nyeupe kama karatasi. Huwa ya kijivu, kama mtu aliyepakwa jivu, au hufifia tu. Kwa hiyo usitegemee macho. Bonyeza: ni ngumu? Uliza: unasikia? Mtu aliyekuwa akilalamika kwamba vidole vinauma, kisha akanyamaza akasema sasa ni sawa, huyo ndiye wa kumtazama upesi. Nawasihi wenye watoto na ndugu walioko Canada, Ulaya na Marekani kaskazini wawapigie simu wawaambie neno hili.

Nirudi kwa mshubiri wenyewe. Wakamba wenzetu huuita kiluma, na hakuna nyumba hapa ambayo haijui uchungu wake. Mama humpaka mtoto anayekataa kuachishwa kunyonya, mfuga kuku hutia kipande katika maji ya kuku wake, nasi sote husema kitu fulani ni kichungu kama shubiri. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Katika jani moja mna vitu viwili. Chini kidogo ya ganda la kijani mna utomvu wa njano. Huo ndio shubiri yenyewe, mchungu, iliyouzwa toka Sokotra kwa mashua tangu zama za kale. Huo huendesha tumbo vibaya, na ngozi ya wengine huwasha ukiipaka. Ndani kabisa ndimo ulimo ule ute usio na rangi, na ute huo ndio wa ngozi. Ukikata jani ukasugua moja kwa moja juu ya jeraha, umepaka vyote viwili.

Ukitaka ute peke yake, kata jani karibu na shina, lisimamishe wima katika kikombe robo saa utomvu wa njano uchuruzike, lioshe, kisha menya ganda. Ute wa namna hiyo wafaa kwa ngozi ambayo haijachanika: uwekundu, mwasho, kuungua kidogo kwa jua au kwa sufuria. Jeraha lililo wazi au lengelenge lililopasuka msilitie jani la shambani hata kidogo, kwa sababu jani lina vumbi na wadudu wa maradhi. Hapo tumieni jeli safi ya duka la dawa. Na dukani someni karatasi ya chupa. Vitu huandikwa kwa kufuata wingi wake. Kama mshubiri umetajwa mwishoni, baada ya rangi, manukato na spiriti, basi umenunua manukato. Spiriti juu ya ngozi iliyoungua ni adhabu, si dawa.

Jambo jingine. Ile mishubiri ya porini tunayoiona kandokando ya njia ya reli, yenye maua mekundu wakati wa kiangazi, siyo ule mmea ambao madaktari waliupima. Wao walitumia ule wa majani manene ya kijani kibichi na maua ya njano, asili yake Bara Arabu, ambao huoteshwa katika makopo na bustani. Ya porini ina jamii nyingi, na utomvu wa baadhi yake ni mkali sana. Tena inalindwa na sheria. Watu waliivuna ovyo katika sehemu kavu za Kenya, wakichemsha utomvu kuuza nje, hata mwaka 1986 Rais Moi akapiga marufuku kuivuna porini. Kanuni za mwaka 2007 zikaruhusu biashara kwa leseni na kwa mimea iliyopandwa. Mkataba wa mataifa juu ya viumbe walio hatarini unalinda mishubiri yote katika biashara ya nje, isipokuwa ule mmoja wa bustanini. Kwa hiyo msing'oe ya porini kwa ajili ya maneno yangu ya leo. Mche wa bustanini jirani atakupa bure, maana huzaa vitoto kila mwaka.

Mtaniuliza juu ya mafuta ya mgando na yale ya kukamulia ng'ombe, ambayo wapagazi hujipaka usoni kabla ya kupanda. Ngozi kavu huyapenda. Lakini wataalamu wa Finland, nchi ya barafu, waliyachunguza wakaona hayazuii ngozi kuganda. Tena humfanya mtu ajisikie ana joto asilokuwa nalo, akaacha kufunga kitambaa. Dawa za kuchua zenye pilipili na mnanaa nazo ni hivyo hivyo. Hakuna kitu cha kupaka kitakachochukua mahali pa soksi kavu, glovu na buti nzima.

Na soksi kavu, Bwana Mwenyekiti, ni swali la nani anazinunua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kazi atoe vifaa vya kujikinga bila kumdai mfanyakazi, na aweke sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu ndani. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo inahesabu mkono uliounguzwa na gesi ya baridi sawa na mkono uliobanwa na behewa. Lakini ajali sharti iripotiwe mara moja, na madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Kijana niliyewasimulia hakuandikisha cho chote siku ile, kwa sababu jeraha la baridi siku ya kwanza halionekani kuwa jeraha. Andikisheni hata kama hakuna alama. Upande wa Tanzania, mamlaka ya hifadhi ya mlima imeweka kikomo cha mzigo wa mpagazi kuwa kilo 20, na liko shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro lililoanza mwaka 2003, ambalo huwaazima nguo za baridi bila malipo. Ndugu zetu wa Taveta wawaambie wakwe zao waende Moshi waulize.

Kwa tawi letu naomba mambo machache tu, nayo hayana gharama kubwa. Tuandike barua kwa mwenye kazi kwamba kila sanduku liwe na kipimajoto cha maji, shashi ya kutosha, bendeji, na jeli ya mshubiri isiyo na spiriti wala manukato. Glovu nene ziwekwe karibu na kila mtungi wenye pembe, na kila mgeni kazini aonyeshwe mahali pa kushika kabla hajafyatua. Wenzetu wanaopakia makontena ya baridi wapewe zamu fupi na mahali pa kupasha mikono. Wanaotaka barua hiyo iandikwe watainua mikono baada ya maswali.

Nimekuja na majani mawili ya mshubiri wa bustanini, kisu, kikombe na beseni la maji ya vuguvugu. Sogezeni viti karibu. Nitakata jani la kwanza sasa hivi ili mwone utomvu wa njano unavyotoka, na wakati unachuruzika kila mmoja aje atie kiwiko majini aniambie kama yamefika digrii 38.